Tangazo la Kodi

Tangazo niliandika mimi, kwa mkono wangu,
mistari kumi na moja, mhuri wa Baraza la Mji chini yake:
Wete imeingia katika mpango wa nyumba nafuu
pamoja na miji mengine ya kisiwa,
na kuanzia Julai
kodi itapungua.

Nikampa Shaame wa pikipiki.
Akalitembeza Jadida, Kipangani, Bopwe, Limbani,
na kwa kuwa masika yalikuwa yamekaza
na waya wa kipaza sauti umelegea,
yaliyofika ndani ya nyumba ni maneno mawili:
Kodi. Itapungua.

Asubuhi yake ukumbi hauna pa kutia mguu.
Wapangaji wamekuja na watoto mabegani,
na risiti za chumba zilizokunjwa mpaka zikawa kama hirizi.
Bi Mize Hamad kaja na ukili wake, anasuka huku anangoja.
Elfu thelathini kwa mwezi, chini ya bati lenye matundu
anayoyajua kwa majina;
la juu ya kitanda analiita Shangazi,
maana halikosi kuja kila mwaka, na halina haya ya kulala.

Viti vya mbele, wenye viwanja:
Mbarouk Sultani wa duka la saruji,
na wale ndugu wawili wa Selemu wasiosemezana,
leo wamekaa bega kwa bega.
Nao wamesikia kodi itapungua.

Mkurugenzi akasafisha koo.
Anayejenga milango kumi
akatenga mitatu kwa wenye kipato kidogo,
halipi kibali, halipi ushuru wa saruji bandarini,
na kodi ya jengo anasamehewa miaka saba.
Mbele wakapiga makofi.
Nyuma wakapiga pia, kwa adabu,
kisha makofi ya nyuma yakapungua
mojamoja, kama matone ya bomba lililofungwa.

"Na yetu?" akauliza Bi Mize.
"Yenu ipi?"
"Kodi."
"Hiyo ni kodi nyengine, mama."
"Baba, ninayotoa mie na anayosamehewa yeye
zina jina moja, zimezaliwa tumbo moja.
Mbona mmeialika karamuni moja tu?"

Mkurugenzi akanitazama.
Ukumbi mzima ukanitazama.
Mwalimu wangu wa insha, Mungu amrehemu,
nahisi naye alinitazama kutoka huko aliko.

Nilijua.
Mimi pia nimepanga, chumba kimoja na uwani wa kugombania.
Kalamu ilisita pale, nikaiona njia panda ya neno,
nikaliacha.
Nilitaka kulisikia likipita barabarani
hata mara moja,
hata kama si langu.

Usiku mama, na miguu yake iliyovimba, akaniuliza
nafuu hiyo wanayoitangaza ni ya namna gani.
Nikamwambia ni ile ya daktari:
akisema mgonjwa ana nafuu, hajapona,
ila jamaa wanaweza kurudi makwao kulala.
Akacheka, kisha akaniomba maji.

Mwezi wa Agosti wamemwaga chokaa kule Limbani,
mistari myeupe juu ya udongo mwekundu,
vyumba vya Mbarouk Sultani, vya kuonekana kwa macho tu.
Milango mitatu. Majina mia mbili na kumi na nne.
Bi Mize ni wa sitini na moja, na namba yake anaijua.

Alikuja hata hivyo.
Kwenye mstari wa chokaa alisimama,
akavua viatu,
akaviweka sawa ubavuni mwa mlango usiokuwapo,
akaingia.
Akakunjua ukili, akapima: huku pima moja na nusu,
huku mbili kasoro shibiri.
"Kitanda kinaenea.
Kabati la marehemu litalala nje."
Akatazama juu, palipokuwa na mbingu tupu,
akanisogelea kama mwenye siri:
"Shangazi usimwambie."